Shajara ya Kiswidi: kadi 640 na upande wake wa nyuma

Wiki ya 36

Nimeanza kozi C ya SFI, Svenska för invandrare, masomo ya Kiswidi ambayo manispaa huwapa wahamiaji bila malipo. Kozi ziko nne, A hadi D, nami nimepangiwa njia ya tatu, ya watu waliozoea shule. Vichwa vya shajara hii ni namba za wiki kwa sababu ndivyo watu wa hapa Uppsala wanavyopanga maisha yao: daktari atakuona wiki ya 39, shule zitafungwa wiki ya 44. Nimebandika kalenda ya wiki ukutani jikoni ili macho yazoee.

Lengo: kabla ya likizo ya kiangazi niwe nimefaulu mtihani wa taifa wa kozi D.

Mtaji wangu ni kadi 640 za msamiati, mbele Kiswidi, nyuma Kiingereza. Nilifundisha Kiingereza sekondari kule Tanga miaka sita, na lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja, ukoo wa Kigermanik, kwa hiyo tangu nifike kila neno nimelipitisha kwenye Kiingereza. Kwa miezi ya mwanzo njia hiyo imenilipa. Hus, arm, finger, vinter: unayatambua kabla hujafundishwa. Tena kitenzi cha Kiswidi hakibadiliki kwa nafsi. Jag är, du är, vi är, de är, vilevile kama "ni" yetu isivyobadilika.

Wiki ya 38

Jirani yangu wa dawati ni mama kutoka Uvira, Kongo. Ana Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa, Kiingereza hana. Mwalimu akikwama kueleza kwa Kiswidi huhamia Kiingereza, na hapo mama hufunga daftari akatazama dirishani. Basi mimi nikawa mkalimani wake. Nalichukua jambo la Kiswidi, nalipeleka Kiingereza kichwani, kisha namletea Kiswahili.

Leo amenisimamisha. "Mwalimu," kaniambia, ndivyo anavyoniita tangu alipojua kazi yangu ya zamani, "mbona unazunguka? Hiki Kiswidi hakiwezi kuja moja kwa moja?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi nalo nyumbani swali hilo.

Wiki ya 39

Somo la en na ett. En bok, kitabu. Ett hus, nyumba. Karibu robo tatu ya nomino ni za en, na kwa nyingi hakuna alama ya kukuambia hii ni ipi. Darasa lilinung'unika. Kadi zangu zote 640 hazina en wala ett, maana Kiingereza hakikuniuliza habari hiyo. Itabidi nizipitie upya moja moja.

Nilimwambia mama: hizi ni ngeli, ila ziko mbili tu. Kivumishi kinazifuata, en stor bok, ett stort hus, kama vile kitabu kinavyotaka kikubwa na gari likataka kubwa. Akanitazama. "Mbili tu? Basi wametuhurumia."

Wiki ya 41

Siku ya kwanza ya språkpraktik, mazoezi ya lugha kazini, kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Nimechelewa dakika 50, na nimeumia.

Msimamizi aliniambia nifike "halv åtta". Halv ni nusu, åtta ni nane. Kwenye Kiingereza cha Uingereza nilichokifundisha, nusu na nane ni saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na dakika ishirini, nikijua nimewahi. Kumbe halv åtta ni nusu ya kuelekea saa nane kwa saa yao, yaani 7.30, kwetu saa moja na nusu. Msimamizi hakunigombeza. Alinionyesha saa ya ukutani, akasema tena polepole: halv åtta.

Usiku nimeandika hivi na nimebandika juu ya kalenda. 7.25 ni fem i halv åtta, tano kabla ya nusu ya nane. 7.30 halv åtta. 7.35 fem över halv åtta. 7.45 kvart i åtta. Na pembeni ya kila moja nimeweka saa ya Kiswahili, saa moja na dakika ishirini na tano, saa moja na nusu, hadi mwisho, kwa sababu kichwani mwangu asubuhi huanza saa kumi na mbili na haitaacha.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshika kalamu, nikaandika na maneno mengine ambayo Kiingereza kiliniahidi kitu kisichokuwapo. Semester ni likizo ya kazini. Muhula wa masomo ni termin. Chef ni bosi. Mpishi ni kock. Fabrik ni kiwanda, si kitambaa. Novell ni hadithi fupi. Riwaya ni roman. Eventuellt ni labda, huenda. Glass ni aiskrimu. Barn ni mtoto, si ghala. Gift ni mtu aliyeoa au kuolewa, na neno hilohilo ni sumu.

Wiki ya 42

Siku ya kukumbuka.

Bibi mmoja wa miaka 88 alinifungulia albamu ya picha. Akaweka kidole juu ya mwanamke mwenye kofia: "Det är min faster." Halafu mwingine: "Och det är min moster." Kwenye kadi zangu maneno yote mawili nyuma yake pana neno moja la Kiingereza, kwa hiyo nikamuuliza tofauti. Akanivunjia neno kama mtu anayevunja karanga. Fa(r)ster: far, baba, na syster, dada. Dada wa baba. Moster: mor, mama, na syster.

Shangazi! Huyu mwanamke mwenye kofia ni shangazi, na yule ni mama mdogo au mama mkubwa. Miaka yote sita niliyofundisha Kiingereza nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba Wazungu hawatofautishi. Waswidi wanatofautisha. Morbror, kaka wa mama, ni mjomba. Farbror, kaka wa baba, ni ami, baba mdogo, baba mkubwa. Na kwa wazee wametupita: kwetu wote ni babu na bibi tu, tukitaka kufafanua tunaongeza "mzaa baba" au "mzaa mama", lakini wao wana farfar, farmor, morfar, mormor, na neno lenyewe linakuonyesha njia uliyoijia duniani.

Nilipofika nyumbani nilichukua kadi ya faster, nikafuta upande wa nyuma, nikaandika: shangazi. Kisha ya moster. Saa sita usiku nilikuwa nimefuta 31.

Kwa hiyo mradi umebadilika. Nyuma ya kila kadi itakuwa Kiswahili. Na sarufi nitaiandika kwenye daftari la Kiswahili, kwa mifano, ili na mama wa Uvira alisome.

Wiki ya 44

Likizo ya vuli. Nimeandika upya kadi 212.

Kikundi kilichonifurahisha zaidi ni tycka, tro, tänka. Kwenye kadi za zamani vitenzi vyote vitatu vilikuwa na tafsiri moja ya Kiingereza, na nilikuwa navichanganya kila siku. Kwa Kiswahili vimekaa vyenyewe. Jag tycker att soppan är god: naona supu ni tamu, ndiyo maoni yangu, nimeionja. Jag tror att han kommer: nadhani atakuja, sina uhakika. Jag tänker på min mor: namwaza mama yangu. Naona, nadhani, nawaza. Tangu hapo sijakosea ila mara moja.

Upande wa kujua umekuwa kinyume. Sisi tunajua habari, tunajua kuogelea, tunamjua fulani, kitenzi kimoja. Wao: veta kwa habari, kunna kwa ujuzi, känna kwa mtu. Hapa Kiswahili hakinisaidii na sitalazimisha.

Kamusi ninayoitumia sasa ni svenska.se, bure mtandaoni, ya Akademi ya Uswidi. Ni akademi hiyohiyo iliyomtunuku Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Humo mna orodha ya maneno, SAOL, na kamusi yao kubwa ya kihistoria, SAOB, ambayo ilianza kuandikwa karne ya 19 na herufi ya mwisho ikakamilika mwaka 2023. Mtu aliyelianza A hakuwahi kuliona Ö. Nikichoka na kadi zangu huwakumbuka watu hao.

Wiki ya 46

Mpangilio wa maneno. Kosa langu la kudumu: "Igår jag gick till biblioteket." Mwalimu amelizungushia duara jekundu mara nyingi kiasi kwamba nalijua duara kuliko sheria. Sheria ni kwamba katika sentensi kuu kitenzi hushika nafasi ya pili. Ukianza na "jana", nafasi ya pili si ya "mimi", ni ya kitenzi: Igår gick jag till biblioteket.

Nikaijaribu kwa Kiswahili. "Jana nilienda maktaba." Baada ya jana kinakuja nini? Kitenzi! Nafsi imo ndani, imebebwa. Sisi hatusemi "jana mimi nilienda" ila tunapotaka kusisitiza. Kosa lilikuwa la Kiingereza changu. Sasa kabla ya kufungua mdomo naisikia sentensi kwa Kiswahili kwanza: jana, nilienda, igår, gick jag. Leo, nitapika, idag, lagar jag mat. Mama wa Uvira aliishika kwa dakika tano, na mazoezi ya ijumaa alipata yote.

Kisha ikaja sheria ngumu zaidi, ya inte, "si" yao. Kwenye sentensi kuu inte hukaa nyuma ya kitenzi: Mannen kom inte, mtu yule hakuja. Kwenye kishazi tegemezi inte huruka mbele ya kitenzi: mannen som inte kom, mtu ambaye hakuja. Waswidi wenyewe wana kifupi cha kuwakumbusha wanafunzi, BIFF: i bisats kommer inte före det finita verbet, kwenye kishazi tegemezi inte hutangulia kitenzi. Darasani watu waliona ni ukatili, kukanusha kuhama hivi hivi. Lakini semeni kwa sauti: "hakuja". Sasa "asiyekuja". Kanushi yetu ilikuwa ha-, mwanzoni kabisa. Tulipoingia kwenye kirejeshi ikawa -si-, ikahamia ndani. Haihami upande uleule, ila inahama, kwa sababu ileile: sentensi imeacha kusimama yenyewe. Nimeandika mistari miwili hiyo kwa wino wa kijani, ukurasa mzima, bila kitu kingine.

Wiki ya 48

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, nitaiweka hapa.

Tumesoma vitenzi vyenye -s mwishoni. Mwalimu alianza na kauli ya kutendwa: Boken skrivs. Dörren öppnas. Kwa Kiingereza unahitaji maneno mawili matatu ya kusaidiana. Kwa Kiswidi unaongeza -s, basi. Kwa Kiswahili unaingiza -w-, basi. Kitabu kinaandikwa. Mlango unafunguliwa. Nikakumbuka pakiti ya jibini jikoni kwetu, ina mshale na maneno "Öppnas här", ambayo nilikuwa nayapita kila asubuhi. Hapa hufunguliwa.

Halafu akaandika ubaoni: Vi ses. Nalijua tangu wiki ya kwanza, la kuagana. Ila sikuwahi kuliangalia ndani. Se ni kuona. Ses, kuonana. Vi ses: tutaonana. Neno kwa neno, kiambishi kwa kiambishi, na kwa matumizi yaleyale ya kuagana mlangoni. Nikanyoosha mkono nikaomba mengine. Träffas, kutana. Kramas, kumbatiana. Slåss, pigana. Skiljas, achana. Hjälpas åt, saidiana. Darasa zima likinisubiri niandike.

Na bado. Det finns, ambayo mtu huisikia mara mia kwa siku: det finns kaffe, det finns tid. Finna ni kukuta, kupata. Finns ni kupatikana. Muuza duka wa Tanga na muuza duka wa Uppsala, ukiwauliza sukari, wanakujibu kwa kitenzi kilichojengwa kwa namna moja.

Viko vitenzi vyenye -s ambavyo havitendwi wala havitendani: hoppas, tumaini, minnas, kumbuka, andas, pumua, lyckas, fanikiwa. Mtu wa Kiingereza huambiwa avikariri. Mimi nimesimama kwenye lyckas na fanikiwa. Fanikiwa pia imevaa vazi la kutendwa na hakuna aliyeifanikia. Elewa, chelewa, vivyo hivyo. Tunaishi navyo vitenzi hivi tangu utotoni.

Nilimweleza mama kwa majina ya shuleni, kauli ya kutendwa, kauli ya kutendana. Akaniwekea mkono begani: "Mwalimu, usinipe majina. Nipe mfano." Nimerudi kwenye daftari nikafuta majina yote. Imebaki mifano, na kweli inasomeka vizuri zaidi.

Wiki ya 50

Jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Naenda kazini gizani, narudi gizani. Wiki hii nimeandika kadi 9 tu.

Jambo moja la kuandika. Mfanyakazi mwenzangu aliniuliza: "Har du inte ätit?" Hujala? Nikajibu "Ja", kwa maana ya Kiswahili, ndiyo, sijala, umesema kweli. Akaelewa nimekula, sahani yangu ikarudishwa jikoni. Kumbe swali la kukanusha lina jibu lake, jo, na maana yake ni: unakosea, nimekula. Aliyekuwa hajala husema nej. Sisi tunakubaliana na sentensi ya muulizaji. Wao wanaangalia tumbo lako lina kitu au halina.

Nilipokuwa nahangaika kulieleza hili kwa Kiswahili, mama akanikatisha: "Hiyo ni *si* ya Kifaransa. *Oui* kwa swali la kawaida, *si* kwa swali la kukataa." Hasa. Kiingereza changu hakina neno hilo. Ukurasa huu wa daftari ni wake, nimeandika jina lake juu kwa ruhusa yake, katika nakala yetu sisi wawili.

Wiki ya 3

Kozi C nimemaliza, mama pia. Tumehamia D pamoja.

Nataka kuandika kuhusu du, "wewe". Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoingia kuongoza idara ya serikali ya tiba, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atawaita wote du na majina yao ya kwanza. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza mitaani, ila yeye ndiye anayekumbukwa, na miaka michache baadaye nchi nzima ilikuwa imeacha vyeo. Kabla yake watu waliitana kwa cheo, hata uso kwa uso: je, daktari angependa kahawa?

Nimelelewa kwa shikamoo. Kumwambia mtu wa miaka 88 "wewe", na jina lake la kwanza, kunanikaba koo. Miezi mitatu nilikuwa nakwepa: nilijenga sentensi ndefu zisizo na nafsi ili tu nisiseme du. Zilikuwa za ajabu, na kwake zilisikika baridi. Wiki hii bibi wa albamu ameniuliza kama nina kinyongo naye.

Nikamweleza habari ya shikamoo. Kwamba mtoto anatamka, mkubwa anajibu marahaba, na kwamba bila hiyo siku haijaanza. Alinyamaza, akataka kujua yeye angejibu vipi. Sasa nikiingia chumbani naanza na shikamoo, anajibu marahaba, mkazo ukiwa silabi isiyo yake, na baada ya hapo naweza kusema du mchana kutwa moyo ukiwa mweupe.

Wiki ya 6

Matamshi. Kiswidi kina herufi tisa za irabu, a, o, u, å, e, i, y, ä, ö, na kila moja ina fupi yake na ndefu yake. Urefu hubadilisha maana. Tak ni paa, tack ni asante. Glas ni bilauri, glass ni ile aiskrimu. Väg ni njia, vägg ni ukuta. Konsonanti mbili maana yake irabu fupi.

Dawa niliyoipata: naandika kwa masikio ya Kiswahili. Taak, paa, tak, asante. Sisi tunajua kuvuta irabu, tunasema kaa na choo bila kufikiri. Kwa y na ö sina dawa ila kioo na midomo.

K, g na sk hulainika mbele ya e, i, y, ä, ö: Göteborg huanza kama yai, si kama gari. Sju, saba, bado inanishinda.

Wiki ya 9

Han, hon. Kwetu ni yeye, hatuna haja ya kujua mwanamume au mwanamke kabla ya kusimulia. Kiingereza nimekizungumza miaka ishirini, na bado nikichoka jioni namwita babu wa chumba cha nne hon. Mwaka 2015 orodha ya SAOL iliingiza hen, nafsi isiyotaja jinsia. Wenyeji wengine hulitumia, wengine hapana. Kwa sikio langu hen ni yeye, ila sitalitumia kukimbia kazi ya kujifunza han na hon, maana babu ana haki yake.

Maneno yaliyonisimamisha barabarani wiki hii, yanayofanana na yetu na si yetu: kaka ni keki, au biskuti. Bara ni "tu". Vita ni weupe, eupe wa wingi: vita bilar, magari meupe. Na sina ni "wake mwenyewe" wa wingi, hivyo han älskar sina barn ni mtu anayewapenda wanawe. Mara ya kwanza kuliona kwenye kichwa cha habari nilidhani baba yule hana watoto.

Wiki ya 13

Niliandika kwenye taarifa ya zamu "sjuk sköterska", maneno mawili. Nilitaka kusema muuguzi. Nimesema muuguzi mgonjwa, na mtu akapiga simu kuuliza nani anaumwa. Muuguzi ni sjuksköterska, neno moja. Kiswidi huunganisha kama sisi tunavyosema mwanafunzi, na nafasi ndogo katikati inabadilisha habari. Tangu hapo nasoma kila neno refu kutoka mwisho: arbetsplats, plats ni mahali, arbete ni kazi, s ni gundi.

Misemo, kwa furaha tu. Köpa grisen i säcken, kununua nguruwe ndani ya gunia: sisi huuziwa mbuzi. Bränt barn skyr elden, mtoto aliyeungua huukwepa moto: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Många bäckar små gör en stor å, vijito vingi vidogo hufanya mto mkubwa: haba na haba. Det är ingen ko på isen, hakuna ng'ombe juu ya barafu, yaani usihangaike, hakuna haraka. Hili la mwisho sikulipatia mwenzake, na sitaki. Nimesimama kando ya mto Fyris ukiwa umeganda nikamfikiria ng'ombe yule, nikaelewa.

Borta bra men hemma bäst, ugenini kuzuri lakini nyumbani kuzuri zaidi. Bibi alinifundisha. Nami nikampa: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ilinichukua robo saa kumchorea jahazi.

Wiki ya 18

Jana Valborg, sikukuu ya kukaribisha majira ya kuchipua, mji mzima nje, wanafunzi wakishuka mto kwa mashua za kujitengenezea. Sauti kubwa mno kwa kusoma. Nikakaa jikoni na tatizo moja ambalo nilikuwa nalihofia kwa mtihani: lini bok, lini boken.

Siku zote tunaambiwa Kiswahili hakina kitu hiki. Kitabu ni kitabu, chochote au kile. Nimekuwa nikiamini hivyo, hadi nilipojisikia nikimjibu mume wangu: "Nimekisoma hicho kitabu." Nimekisoma. Si nimesoma. Nimesoma kitabu: jag har läst en bok, kitabu fulani. Nimekisoma kitabu: jag har läst boken, kile unachokijua. Ile -ki- ndogo inabeba kazi ya -en. Kwa watu haifanyi kazi, kwa kuwa mtu tunamwona kwa -m- daima, lakini kwa vitu nimeijaribu kwenye sentensi 40 na imeshika karibu zote.

Na den stora boken, ambapo ujulikanaji unasemwa mara tatu, den, -a, -en, wenzangu wenye Kiingereza huona ni kurudia bure. Kile kitabu kikubwa kimepotea. Tunarudia mara nne.

Wiki ya 21

Mtihani. Kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kuzungumza tulipangwa wawili wawili, nikapangwa na kijana nisiyemjua. Niliposema "igår" nikasikia kitenzi kikija chenyewe.

Wiki ya 23

Nimepata alama ya C. Mama wa Uvira amepata alama ya D, kwenye kuandika amenizidi. Alama ya chini ya kufaulu ni E. Wiki ya 34 tunaanza svenska som andraspråk, Kiswidi kama lugha ya pili, sote wawili.

Kadi sasa ni 1,870, zote nyuma Kiswahili, zote zina en au ett. Daftari lina kurasa 74. Mama ameniomba nakala mbili, moja ya mdogo wake aliyefika Gävle mwezi uliopita, na amenitaka niondoe ukurasa wa 12 kwa sababu mfano wa pale haueleweki. Ameandika pembeni mfano wake. Nausoma sasa hivi: *Vi hjälps åt. Tunasaidiana.* Ukurasa wa 12 ulikuwa wa saa. Nadhani alikusudia wa 21, nitamuuliza kesho halv nio.